Naomba msaada: gundi ipi inashika sponji juu ya mkanda wa tredimili?

Fundi wa Mabatini
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza tredimili, ile mashine ya kutembelea ndani, yenye mkanda unaomeza kishindo cha mguu. Juu ya mkanda wa kawaida nabandika sponji ngumu ya kandambili, milimita 12, halafu juu yake raba nyembamba yenye vipele ili mguu usiteleze. Nimetumia gundi ya viatu. Nilikwangua kwa msasa, nikapaka pande zote mbili, nikasubiri dakika 15, nikabandika na kugonga kwa nyundo ya mpira. Ukiivuta kwa mkono haiachii. Lakini nikiwasha mashine, dakika kama 20 tu kingo zinaanza kufunguka, hasa kwenye ungio.

Naomba kujua gundi yenye nguvu zaidi inayopatikana hapa Mwanza. Makoroboi nimezunguka yote, kila duka linanipa ile ile. Nina haraka kidogo, tusaidiane.

Kokoto la Igoma
Fundi, gundi ya viatu ya kawaida haipendani na mkanda wa plastiki ya PVC. Ndani ya PVC laini kuna mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo hupanda taratibu hadi kwenye gundi na kuigeuza ulimbo. Leo imeshika, wiki ijayo inavutika kama bazoka. Tafuta gundi ya poliyurethani, ile inayobandikia soli za PVC. Kwangua, futa kwa thina na kitambaa safi, usiguse tena kwa vidole. Paka tabaka jembamba pande zote, acha likauke kabisa, kisha lipashe moto kwa hita ya mkono hadi linate tena, ndipo ubandike na kukandamiza. Halafu ungio usikate wima. Kata mshazari, ili lipite kwenye rola, zile silinda zinazozungusha mkanda, kidogo kidogo badala ya kugonga lote kwa mara moja.

Beringi 6203
Kabla hajaenda kununua gundi nyingine: fundi, rola zako zina kipenyo gani, ya mbele na ya nyuma?

Fundi wa Mabatini
Kokoto asante sana, hiyo ya kukata mshazari sikuifikiria. Beringi, rola ni za kawaida tu za tredimili, hazina shida, zinazunguka vizuri. Shida iko kwenye gundi.

Mzee wa Kirumba
Mwangaluka, wanangu. Mimi nauliza jambo moja. Mji huu una barabara ya Capri Point, upepo wa ziwa unakupiga usoni, mlima unapanda na kushuka, bure kabisa. Umeme wenyewe unapanda na kushuka kuliko hiyo milima. Kwa nini mtu atembee mahali pamoja ndani ya nyumba? Anayetaka ardhi laini akatembee kwenye nyasi asubuhi, jua halijawa kali.

Dada Viungo
Shikamoo mzee. Si kila mtu anaweza nyasi wala mlima. Nyasi zina mashimo yasiyoonekana, na kuteremka mlima ndiko kunakolitesa goti kuliko kupanda. Mtu mwenye goti baya anahitaji sehemu tambarare na pa kushika mkono. Fundi, hiyo mashine ni ya nani? Jibu la ulaini linategemea uzito wake, na kama anatembea au anakimbia.

Fundi wa Mabatini
Ni ya mteja, dada. Mtu mzima wa kawaida.

Beringi 6203
Fundi, narudia. Kipenyo cha rola. Ukikosa verniya ya kupimia, zungusha uzi kwenye rola, pima urefu wake, gawa kwa 3.14.

Fundi wa Mabatini
Sawa mkuu. Ya mbele milimita 46, ya nyuma 42. Urefu wa mkanda mita 3.2. Nimetumia fremu ya mashine moja na kontrola, ile saketi inayoongoza kasi ya mota, ya mashine nyingine iliyokufa mota.

Beringi 6203
Asante. Sasa tuhesabu, maana shida iko hapo na gundi haina kosa.

Mkanda unapozunguka rola, tabaka la kitambaa cha chini halivutiki. Kila kilicho juu yake lazima kirefuke. Rola yako ya nyuma ina nusu kipenyo cha 21. Kitambaa kiko kama milimita 1 kutoka kwenye chuma, kwa hiyo kinapita kwenye duara la 22. Uso wa juu wa sponji uko milimita 14 kutoka kwenye chuma, duara lake ni 35. Gawa 35 kwa 22: uso wa sponji unavutwa asilimia 59 zaidi ya urefu wake. Rola ya mbele ni asilimia 54. Raba yako ya vipele sijaihesabu, na hiyo ndiyo iko nje kabisa. Mkanda wa kawaida wa milimita 2 kwenye rola hiyo hiyo unavutwa chini ya asilimia 5.

Sasa kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa, mkanda wa mita 3.2 unazunguka mara 52 kwa dakika, na kila mzunguko unapinda mara mbili. Nusu saa ni mipindo zaidi ya 3,000. Gundi ikiwa dhaifu, ungio litaachia kama lilivyoachia. Gundi ikiwa kali kama anayosema Kokoto, itashika yenyewe na sponji ndiyo itachanika milimita moja juu ya gundi. Utaona vipande vya sponji vimebaki kwenye mkanda. Ukiona hivyo ujue umeishinda gundi na umeshindwa na rola.

Ukitaka sponji ya 12 ivutwe isizidi asilimia 10, unahitaji rola yenye kipenyo cha kama milimita 260. Mtu atapandia mashine kwa ngazi.

Kokoto la Igoma
Hesabu imenyooka. Naondoa ushauri wangu wa gundi, ila ule wa kukata mshazari ubaki, unafaa kwa mkanda wowote.

Fundi wa Mabatini
Wakuu, nimewaelewa, lakini sponji nimeshanunua na kukata, na raba ya vipele pia. Nikipunguza sponji iwe milimita 8? Au nikiichana mistari ya kukingama kila sentimita 3 ili ipinde vizuri? Mkanda laini ndio mteja alioutaka, na ndio niliomwahidi. Nimeshajaribu kwa kasi ya 10, takomita, kile kipima mizunguko, inasoma mizunguko 600 kwa dakika kwenye rola ya mbele, inaenda vizuri tu, mota inapata moto kidogo lakini haizimi. Siwezi kurudi nyuma sasa.

Beringi 6203
Kwa milimita 8 bado ni asilimia 41 kwenye rola ya nyuma. Kuichana mistari kunasaidia kupinda, ni kweli, lakini kila mstari unageuka ukingo, na kila ukingo ni mahali pa kuanza kubanduka. Tena ukingo ukifunguka milimita 3 tu, utanasa kwenye kifuniko cha rola ya nyuma na kuuvuta mkanda mzima.

Njia inayoufanya mkanda wenyewe uwe laini na udumu ni ya mabapa: vipande vya alumini vinavyokingama, kila kimoja na raba yake juu, vimefungwa pembeni kwenye mikanda miwili inayopita juu ya safu za beringi. Raba haipindi kamwe, inayopinda ni nafasi kati ya bapa na bapa. Kwa mita 3.2 na bapa za milimita 50 ni bapa 64, na safu ya beringi kila upande. Ni kazi nzuri sana, ila gharama yake si ya karakana ya mtu mmoja mwenye haraka.

Njia nyingine ni kuushusha ulaini chini ya ubao. Mashine nyingi za nyumbani ndivyo zilivyo. Mguu haujui kama kilichobonyea ni mkanda au ubao.

Mzee wa Kirumba
Mwanangu fundi, neno "siwezi kurudi nyuma" limenishtua. Umeshapokea hela ya mtu?

Fundi wa Mabatini
Nusu, mzee. Na imeshaingia kwenye sponji, raba na beringi.

Dada Viungo
Basi ndiyo maana nauliza ni nani. Fundi, sema.

Fundi wa Mabatini
Ni mama wa miaka 58, dada. Magoti yote yamesagika, ameambiwa atembee kila siku. Kilo 96. Ndiye aliyesema anataka mkanda laini kama godoro, na mimi niliona ni jambo la kumsaidia. Sikusema mapema kwa sababu nilijua mtaanza kunikataza, na gundi ilikuwa swali dogo tu.

Dada Viungo
Hatukukatazi, kaka. Ila hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza.

Laini kama godoro si rafiki wa goti bovu. Mguu ukizama, kifundo kinayumba, na goti ndilo linalofanya kazi ya kuuzuia mwili usianguke kando. Anachohitaji ni uso unaobonyea kidogo na kurudi, milimita 4 hadi 6 hivi, sawasawa kushoto na kulia. Kushoto kukibonyea 3 na kulia 8, umemtengenezea mteremko wa kudumu.

Vingine ni muhimu kuliko ulaini. Mashine ianze polepole sana, kilomita 0.8 hadi 1 kwa saa, na iongezeke taratibu. Vishikio pande zote mbili, virefu hadi usawa wa katikati ya mkanda, siyo vile vifupi vya mbele. Kamba ya usalama inayobanwa kwenye nguo, na ikichomoka ikate umeme wa mota kupitia rilei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme, isitegemee kontrola iamue. Nyuma ya mashine acha mita 2 wazi, pasiwe na ukuta wala kabati. Kasi na muda wa kutembea apangiwe na mtaalamu anayemtibu, siyo sisi wala wewe.

Pima Kwanza
Samahanini, nimesoma uzi wote na naona tunanyweshwa chai. Rola ya mbele ya 46 ina mzingo wa milimita 144.5. Mara 600 ni mita 86.7 kwa dakika. Hiyo ni kilomita 5.2 kwa saa. Kumi inatoka wapi? Kwa kasi ya 10 rola hiyo lazima izunguke karibu mara 1,153. Mtu aliyesimama mbele ya mashine hawezi kutaja namba mbili zinazokataana hivi. Kwanza mteja hakuwepo, halafu "mtu mzima wa kawaida", sasa ni mama mwenye magoti. Hii mashine haipo. Watu wanatoa hesabu za kweli kwa hadithi ya kutunga.

Kokoto la Igoma
Mh. Hesabu ya Pima iko sahihi, nimeirudia mara mbili. Fundi, weka picha.

Mzee wa Kirumba
Tusimhukumu kijana kabla hajajibu.

Fundi wa Mabatini
Mashine ipo hapa mbele yangu. Picha naweka kesho mchana, sasa hivi umeme umekatika. Kumi ni namba inayosomeka kwenye kioo cha kontrola. 600 ni takomita, nimepima mara tatu: 601, 603, 602. Nilidhani takomita ndiyo mbovu. Sina sababu ya kutunga, ndugu yangu. Mama huyu anakuja Jumamosi.

Beringi 6203
Subirini. Namba hizi mtu hawezi kuzitunga, maana kuzitunga kungehitaji kujua kosa lenyewe.

Fundi, jibu matatu. Moja, kwenye puli ya rola ya mbele kuna vidonge vingapi vya sumaku? Mbili, rola ya ile mashine iliyotoa kontrola bado unayo, na kipenyo chake ni kipi? Tatu, puli yake ina sumaku ngapi?

Fundi wa Mabatini
Nimewasha tochi ya simu. Hii iliyopo kwenye fremu ina sumaku mbili, zinatazamana. Ile ya zamani ipo chini ya meza: kipenyo 44, sumaku moja.

Beringi 6203
Basi Pima Kwanza ametusaidia bila kujua.

Kontrola haijui kasi. Inahesabu tu sumaku inapopita mbele ya sensa, na imefundishwa kwamba sumaku moja ni mzunguko mmoja wa rola ya 44. Wewe umeipa rola yenye sumaku mbili, kwa hiyo kila mzunguko inahesabu mara mbili. Ukiiambia 10, inataka hesabu 1,206 kwa dakika. Inazipata rola ikiwa imezunguka mara 603 tu, inaridhika, na kioo kinaandika 10. Mkanda uko kwenye 5.2, badala ya 5 kamili, kwa sababu rola yako ni 46 badala ya 44.

Mambo matatu yanafuata hapo. Sponji yako ilibanduka kwa dakika 20 kwenye nusu ya kasi uliyodhani. Mota yako inapata moto kwa sababu feni yake iko kwenye shafti yenyewe: mzigo wa msuguano ni ule ule na ampea ni zile zile, lakini upepo umepungua.

La tatu linanitia hofu. Sumaku hizi hushikiliwa na gundi. Mama anatembea, kioo kinasema 8, mkanda uko 4.2, ameridhika. Sumaku moja ikidondoka, kontrola itaona hesabu imeshuka nusu, itadhani mkanda umekwama, na itasukuma mota hadi hesabu irudi. Mkanda utapanda hadi 8.4 chini ya miguu ya mtu wa kilo 96 mwenye magoti mabovu. Toa sumaku moja leo, kabla ya jambo lingine lolote. Halafu funga upya iliyobaki kwa gundi ya epoksi, siyo supagluu.

Pima Kwanza
Fundi, naomba radhi. Neno chai nimelifuta moyoni. Baada ya kutoa sumaku, chora mstari wa chaki kwenye mkanda, weka kioo 4, hesabu mizunguko ya mkanda kwa dakika moja ya saa. Isipofika 20 au ikizidi 24, usimpandishe mtu.

Fundi wa Mabatini
Nimekusamehe, mkuu. Mikono inatetemeka kusema kweli. Nitaitoa umeme ukirudi. Na sponji nakubali. Ila nimweleze nini mama? Na hiyo ya ubao inafanywaje hasa?

Beringi 6203
Mweleze ulaini umehamia chini, basi. Ubao unafanywa hivi.

Tafuta marine bodi ya milimita 18, ile nyeusi ya kumwagia zege, iliyonyooka na isiyo na mkwaruzo. Kingo za mbele na nyuma ziviringishe kwa msasa zisiwe kali, la sivyo zitaukata mkanda. Nyuma funga ubao moja kwa moja kwenye fremu kwa boliti mbili zenye vichwa vilivyozama. Mbele usiufunge kwenye chuma. Weka raba nne mahali mguu unapotua, jozi moja sentimita 30 kutoka rola ya mbele, jozi ya pili sentimita 70.

Mtu wa kilo 96 anapotembea, kila hatua inasukuma kama mara 1.2 ya uzito wake. Tuseme asilimia 80 ya hiyo inaangukia raba nne, kila raba inabeba kama kilo 23. Raba ya mviringo, kipenyo 35, urefu 40, laini kiasi cha raba ya kufutia penseli, itabonyea kama milimita 5. Raba za kubebea injini za gari nyingi ni ngumu mno kwa kazi hii, usidanganywe na umbo.

Usikisie. Weka raba moja juu ya sakafu, kipande cha bati juu yake, halafu kiroba cha unga cha kilo 25. Mtu mmoja akishikilie kisipinduke bila kukinyanyua, wewe pima kwa verniya kabla na baada. Ikishuka 2, ngumu. Ikishuka 10, laini. Pima zote nne na uziandike namba. Chini ya ubao acha milimita 15 wazi hadi kwenye chuma, ili hata kijana wa nyumbani akikimbia ubao usigonge fremu.

Mkanda uwe wa kawaida, wa kitambaa chini. Katikati, uweze kuunyanyua ukingo wake milimita 50 hadi 75, usikaze zaidi. Ukikimbilia kulia, kaza boliti ya kulia robo mzunguko, subiri dakika moja, ndipo uongeze. Mafuta ni ya silikoni tu, mililita 30 katikati ya ubao. Mafuta ya kula na ya injini yanaharibu mkanda. Na kwa vumbi la huku, kila mwezi pitisha kitambaa kikavu chini ya mkanda kabla ya kuongeza mafuta.

Sponji yako usiitupe. Haiufai ubao, maana ikibebeshwa mzigo siku nzima inalala na haiamki. Itandike sakafuni chini ya mashine, itapunguza kelele kwa jirani.

Kokoto la Igoma
Na waya wa athi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, kwenye fremu, fundi. Mtu anashika vyuma kwa mikono yenye jasho.

Fundi wa Mabatini
Nimerudi wakuu. Picha nimeweka hapo juu. Sumaku moja imetoka, iliyobaki nimeipaka epoksi. Kioo 4, chaki imepita mara 22 kwa dakika.

Mama nimempigia usiku ule ule. Nimemwambia nilikosea, na kwamba Jumamosi haitawezekana. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama magoti yake yatakuwa salama. Nikamwambia aje na mtaalamu wake siku ya kujaribu. Amekubali.

Raba nimekatiwa nne Nyakato. Kwa kiroba cha unga zimeshuka 5, 5.5, 5 na 9.

Beringi 6203
Mara 22 kwa mita 3.2 ni kilomita 4.2 kwa saa. Kioo kinasema 4. Hiyo 0.2 ni ya rola ya 46. Kama kontrola ina sehemu ya kubadili kipenyo, weka 46. Kama haina, bandika karatasi kwenye kioo umwandikie.

Raba ya 9 irudishe. Wakukatie nyingine kutoka kipande kile kile cha zile tatu.

Fundi wa Mabatini
Naenda sasa hivi, kabla hawajafunga.